Nafuu ya stima ya usiku imfikie na mpangaji

Ni jambo lisilofichika kwamba bei ya petroli imewafanya Wakenya wengi kuyatazama magari na pikipiki za umeme kwa jicho la tamaa. Hata hivyo, wengi wao hawajatambua kuwa stima haina thamani moja mchana na usiku. Anayejaza betri saa moja jioni na anayeijaza saa sita usiku huweza kutumia umeme ule ule, mmoja akalipa maradufu ya mwenzake.

Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliweka bei maalumu kwa vyombo vya usafiri vinavyotumia umeme. Ilikuwa shilingi 16 kwa kila yuniti katika saa za kawaida, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi yamepungua, kabla ya kodi na ada nyinginezo. Kwa siku za kazi, saa hizo za nafuu ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tuchukue gari dogo ambalo betri yake hubeba yuniti 40. Kwa bei hizo, kulijaza mchana ni shilingi 640, na usiku ni shilingi 320. Anayelijaza mara kumi kwa mwezi akingoja usiku huokoa shilingi 3,200.

Msomaji asidhani kwamba hii ni sadaka. Visima vya Olkaria, karibu na Naivasha, hutoa mvuke usiku kucha, na kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama mfereji wa maji. Nao upepo wa Marsabit, unaozungusha mitambo iliyo karibu na Ziwa Turkana, huvuma kwa nguvu zaidi usiku. Lakini taifa likilala, wanunuzi wa umeme huo hupungua, na mvuke mwingine huachiliwa upotee hewani. Kumbe jioni, kila nyumba inapowasha taa na televisheni, hulazimu kuwasha mitambo ya mafuta ambayo gharama yake ni kubwa. Kwa hiyo anayejaza betri usiku wa manane hununua kile ambacho kingemwagika.

Swali ni hili: nani hasa anayefaidi? Bei hiyo huhitaji mita yake pekee. Mwenye ua, lango na mita yake hana tatizo. Kampuni za mabasi ya umeme, ambayo yalianza kuonekana Nairobi mwaka 2022, zina yadi za kuyalaza na kuyajazia humo. Lakini mpangaji wa Kayole au Pipeline, anayeishi orofa ya tano na kuendesha bodaboda, hana pa kuchomeka waya wala mita ya kumtenganishia stima ya pikipiki na ile ya taa. Akikodi betri za kubadilishana, hulipa bei anayopangiwa, usiku uwe rahisi au uwe ghali. Naye ndiye anayetembea kutwa nzima, na kila shilingi anayookoa huenda moja kwa moja kwenye unga na karo.

Yamkini wapo watakaosema kwamba nyaya na transfoma za mitaa hiyo tayari zimelemewa. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kuwavuta watu kwenye saa za usiku wa manane. Asiyepata nafuu yoyote kwa kungoja atachomeka pikipiki yake mara tu anapofika nyumbani, saa moja jioni, wakati ule ule ambao transfoma inaugua.

Maoni yangu ni kwamba EPRA na Kenya Power zinapaswa kuruhusu ploti moja kuwa na mita moja ya pamoja ya kujazia betri, yenye kuhesabu usiku kando na mchana, na kila mpangaji alipe alichotumia. Aidha, serikali za kaunti zinapoidhinisha ramani za majumba ya kukodisha, zidai mahali pa mita hiyo mapema, kwani kubomoa ukuta baadaye ni gharama. Nazo kampuni za kukodisha betri zibandike bei ya usiku mahali ambapo kila mwendeshaji ataiona.

Mvuke wa Olkaria ni mali ya umma. Bei yake ya usiku isiishie kwenye malango ya wenye nyua.