Kupanda mchongoma wa Chopin si kazi, kazi ni kushuka

Kuna swali moja ambalo kila mwalimu wa piano hulisikia angalau mara moja kwa muhula. Mwanafunzi amekamilisha kipande alichokuwa akijifunza, amekipiga mbele ya wazazi na wageni, na makofi ameyapata. Siku ya pili anafika darasani kifua mbele na kuuliza, "Mwalimu, sasa nijifunze kipi?" Kabla mwalimu hajafumbua kinywa, mwanafunzi jibu analo tayari. Aghalabu huwa ni Balada ya Kwanza ya Frédéric Chopin, ile ya G maina. Na kama si hiyo, basi ni La Campanella ya Franz Liszt. Ameusikia muziki huo mahali, umemteka moyo, na habari ya kipande kingine hataki kuisikia.

Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni jambo la watu wachache waliobahatika kuwa na piano nyumbani, lisilostahili kujadiliwa gazetini. Sivyo. Wapo vijana wengi humu nchini wanaojifunza ala hii, wengine katika Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, wengine katika shule zao na wengine makanisani. Kila mmoja wao hufika katika njia panda hii. Na uamuzi unaofanywa hapo ndio huamua, mara nyingi kuliko kipaji, iwapo kijana ataendelea kuupenda muziki au atakifunga kifuniko cha piano na asikiinue tena.

Yafaa kwanza tuelewe muziki wenyewe. Wanafunzi wa fasihi wanalijua neno ulimbwende, ule mkondo uliotukuza hisia na nafsi ya mtu binafsi dhidi ya kanuni kavu za urasimi. Muziki nao ulipitia mkondo huo huo, na piano ndiyo iliyokuwa chombo chake kipenzi. Mendelssohn alizaliwa mwaka 1809, Chopin na Schumann mwaka 1810, na Liszt mwaka 1811. Kizazi hicho kilikuta piano inabadilika mbele ya macho yao. Mnamo 1821 Sébastien Érard wa Paris alipata hataza ya mtambo uliowezesha nota moja kugongwa tena na tena kwa haraka bila kibonyezo kupanda hadi juu. Na katika miaka iliyofuata chuma kilianza kutumiwa kuimarisha fremu, hata nyuzi zikaweza kuvutwa zaidi na kutoa sauti nzito. Watunzi hao wakaandika muziki wa kuijaribu ala hiyo mpya hadi ukomo wake. Kwa hiyo ugumu wa kazi zao haukuwekwa kama pambo. Wao walikuwa mabingwa wa piano waliokuwa wakiandikia mikono yao wenyewe.

Sasa tuitazame hiyo Balada inayowatia vijana wazimu. Ilichapishwa mwaka 1836. Ina vipimo 264 na huchukua takriban dakika tisa au kumi. Wengi waliifahamu kupitia filamu ya The Pianist ya mwaka 2002, inayosimulia maisha ya mpiga piano Władysław Szpilman wa Warsaw. Mwanzo wake ni wa taratibu, na wimbo unaofuata ni wa huzuni tulivu ambao mwanafunzi wa kiwango cha kati anaweza kuupiga vizuri katika muda wa wiki chache. Hapo ndipo mtego ulipo. Kijana hufurahi akadhani kazi imekwisha. Lakini vipimo 50 na ushei vya mwisho, ambavyo Chopin aliagiza vipigwe kwa kasi na kwa moto, vinahitaji mikono iruke huku na huko, ikibadilisha mahali kila mara, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Nani asiyewajua vijana wanaopiga kurasa nne za kwanza za Balada hiyo kwa miaka mitatu, na wakifika penye miiba wanaanza upya au wanaacha?

Hasara ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwanza, kosa linalorudiwa kila siku hugeuka tabia, na kulifuta huchukua muda mrefu kuliko kujifunza upya. Pili, mwanafunzi anayeshindwa bila kujua sababu hujilaumu, akaamini kwamba hana kipaji, ilhali alichokosa ni ngazi mbili tatu tu za katikati. Tatu, na hili ndilo la kuogofya zaidi, mkono ni nyama na mishipa. Robert Schumann alikuwa na hamu ya kuwa bingwa wa piano. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mkono wake wa kulia uliharibika, na ndoto ya kupiga piano jukwaani ikazimika. Wasomi wangali wanabishana kuhusu sababu hasa, lakini somo halibishaniwi: mkono ukishaharibika, juhudi haiurudishi. Ulimwengu ulipata bahati kwamba Schumann alikuwa pia mtunzi, na kwamba Clara, aliyekuja kuwa mkewe, alikuwa na mikono ya kuzipiga kazi zake. Je, mwanafunzi wetu wa Nakuru au Kisumu atakuwa na bahati hiyo?

Hata Liszt, ambaye jina lake limekuwa kisawe cha ugumu, hakuanzia juu ya paa. Alipopelekwa kwa Carl Czerny mjini Vienna mwanzoni mwa miaka ya 1820, mtoto huyo wa ajabu alirejeshwa kwenye misingi: mapigo yaliyo sawa, vidole vinavyotii, na vipande vilivyo chini ya uwezo aliodhaniwa kuwa nao. Tena, baada ya kuwa maarufu kote Ulaya, Liszt alizirekebisha Etudi zake nzito, zile za Paganini mwaka 1851 na zile ziitwazo za Transcendental mwaka 1852, akazipunguzia baadhi ya ugumu uliokuwamo katika matoleo ya awali. La Campanella tunayoisikia leo ni moja ya hizo zilizorekebishwa. Ikiwa bwana mwenyewe aliona haya ya kuongeza ugumu usioongeza muziki, mwanafunzi anajivunia nini?

Basi kipande kinachofuata kichaguliwe vipi? Jifya moja haliinjiki chungu. Kwa maoni yangu, uamuzi huu nao wahitaji mafiga matatu: mkono, sikio na muda.

Figa la kwanza ni mkono. Chopin, aliyefika Paris mwaka 1831 na kujipatia riziki kwa kufundisha, hakuwaanzishia wanafunzi wake skeli ya C meja, ambayo kwa macho ndiyo rahisi kuliko zote kwa kuwa haina vibonyezo vyeusi. Aliwaanzishia B meja, kwa sababu vidole virefu hukaa juu ya vibonyezo vyeusi na vifupi juu ya vyeupe, na mkono ukatulia katika umbo lake la asili. Hekima iliyomo humo ni kwamba rahisi ni kile ambacho mkono unakubali. Sergei Rachmaninoff alikuwa na mikono mikubwa mno, na mengi aliyoyaandika yanautesa mkono mdogo. Mwanafunzi ambaye kidole gumba na kidole cha mwisho vinafikia nota nane kwa taabu hana sababu ya kujilazimisha huko wakati Schubert na Mendelssohn wanamngoja. Aidha, ala yenyewe itazamwe. Wengi wetu hujifunzia kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61 vyepesi, ambapo piano kamili ina 88 vyenye uzito. Kumpa mwanafunzi huyo muziki unaozidi upeo wa ala yake ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea katika beseni.

Figa la pili ni sikio, nalo ndilo linalosahaulika. Ugumu wa muziki wa ulimbwende hauko katika kasi pekee. Chukua Impromtu ya tatu katika fungu la nne alizoziandika Franz Schubert mwaka 1827, mwaka mmoja kabla hajafariki akiwa na umri wa miaka 31. Haina mbio za kutisha. Lakini vidole dhaifu vya mkono wa kulia sharti viimbe wimbo mrefu huku vidole vingine vya mkono huo huo vikitiririsha nota za katikati kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza huku maji yakipita nyuma yake. Mchapishaji wake aliyeitoa mwaka 1857 aliihamisha kutoka G flati hadi G ya kawaida, bila shaka kwa kuhofia kwamba alama sita za flati zingewafukuza wanunuzi. Ama chukua Intermezo ya pili katika mkusanyo wa Johannes Brahms wa mwaka 1893, alioutunukia Clara Schumann. Mkono unaiweza mapema. Sikio linaihangaikia kwa miaka, maana wimbo hujificha katikati ya sauti nyingine na asiyesikiliza huupoteza.

Katika jambo hili mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana mali ambayo pengine hajaihesabu. Vipande vingi vya enzi hiyo humtaka mpigaji agawe pigo kwa mbili katika mkono mmoja na kwa tatu katika mwingine. Ndivyo ilivyo katika Konsolesheni ya tatu ya Liszt. Fantasia-Impromtu ya Chopin, iliyochapishwa mwaka 1855 baada ya kifo chake, huenda mbali zaidi na kugonganisha nne na tatu. Vitabu vya Ulaya hutumia kurasa nyingi kuufafanua mgongano huo kwa hesabu. Kijana aliyekulia penye chakacha au ngoma nyingine za kwetu amekwisha kuusikia mgongano wa mbili na tatu, tena ameuchezea kwa miguu. Mwalimu na aanzie hapo, apige makofi na mwanafunzi wake kabla ya kugusa kibonyezo.

Figa la tatu ni muda. Mwanafunzi mwenye saa moja kwa siku, tena baada ya kazi za shule, asijilinganishe na mtaalamu. Chopin mwenyewe aliwaonya wanafunzi wake wasizidishe saa tatu. Njia ya kupima ni nyepesi: usianze na ukurasa wa kwanza, anza na ule mgumu kuliko wote. Ufanyie kazi pole pole kwa wiki mbili. Ukiona unakuja safi kwa nusu ya kasi, bila mkono kukaza wala bega kupanda, kipande hicho ni chako. Ukiona hauji, kiweke kabatini bila aibu, hakitaoza.

Najua kuna watakaopinga. Watasema kwamba mapenzi ndiyo mwalimu mkuu, na kwamba kijana aliyenyimwa kipande anachokiota atavichukia vyote atakavyopewa badala yake. Hoja hiyo ina uzito, na walimu wanaoipuuza ndio wanaopoteza wanafunzi. Wapo wanaomfungia kijana katika vipande vitatu vya mtihani mwaka mzima, hadi akapata cheti cha ngazi ya juu katika ile mitihani ya ngazi nane itokayo Uingereza bila kuujua muziki mwingine wowote. Huko nako ni kuua mbegu. Lakini kuiheshimu ndoto si lazima kumtupa mwotaji majini. Anayeiota Balada apewe jirani yake. Katika filamu ile ile ya The Pianist imo Nokturni ya C-shapu maina, ambayo Chopin aliiandika mwaka 1830 akiwa na umri wa miaka ishirini. Ni ya kurasa chache, mkono wa kushoto unatembea kwa utulivu, na mwishoni mkono wa kulia unapanda na kushuka kwa mfululizo mmoja wa nota 35 ambazo hazigawanyiki sawasawa juu ya pigo. Humo mna huzuni ya Balada, lugha yake na kionjo cha miiba yake. Akiimudu, aingie katika Etudi moja, labda ile ya F maina katika fungu la kwanza, ajenge ustahimilivu wa mkono wa kushoto. Baada ya mwaka mmoja au miwili, Balada itamkuta akiwa tayari.

Schumann, yule aliyepoteza mkono, aliwaandikia wanamuziki wachanga kanuni kadhaa za maisha na kazi. Mojawapo inawahimiza wajitahidi kupiga vipande vyepesi kwa uzuri, kwa kuwa hilo ni bora kuliko kupiga vigumu kwa kiwango cha wastani. Maneno hayo yametoka kwa mtu aliyejua gharama yake. Walimu na wayabandike ukutani, na wanafunzi wayasome kila watakapouliza kipi kinafuata. Msikilizaji aliyeketi ukumbini hana habari ya ngazi wala ya idadi ya nota. Anachojua ni kama ameguswa au hakuguswa.