Usiku wa Karanga na Maji ya Barafu

Ukitaka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, wakala atakuuliza mapema: siku 6 au 7? Wengi hujibu kwa kutazama mfuko. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni asiye wa Afrika Mashariki hulipa dola 70 za uhifadhi kwa siku na dola 50 za kambi kwa usiku, na juu yake VAT ya asilimia 18. Akipunguza siku moja, ameokoa dola 141 na ushee. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana, lakini hata kwake kila siku inayoongezeka ina chakula chake na ujira wake. Kuna jambo moja ambalo hesabu hiyo ya fedha huliacha nje, nalo ni maji.

Siku inayokatwa kwa kawaida ni ile ya kulala Karanga. Wenye siku 7 huondoka kambi ya Barranco asubuhi, wakapanda ukuta wa mawe, wakashuka bonde la Karanga na kulala ukingoni mwake, takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Wenye siku 6 huvuka bonde hilo hilo na kuendelea siku hiyo hiyo hadi kambi ya Barafu, takriban mita 4,670. Hapo hula, hujinyoosha saa chache, kisha huamshwa karibu na usiku wa manane waelekee kileleni.

Barafu hakuna kijito wala chemchemi. Maji ya chai, ya supu, ya kuoshea sufuria na ya kujaza chupa za kileleni hupandishwa kutoka kijito cha Karanga, na wanaoyapandisha ni wagumu, yaani wapagazi wetu. Chukua kundi la wapandaji 4. Pamoja na waongozaji, mpishi na wagumu, wahudumu hufika 16 bila shida. Mpandaji mmoja atahitaji lita 3 za safari ya kileleni, 2 za chakula na vinywaji vya moto jioni, na moja na nusu akirudi. Kwa wote wanne ni lita 26. Mpe kila mhudumu lita 4 tu za kupikia na kunywa, upate 64. Jumla ni lita 90, nazo ni kilo 90 kabla hujapima madumu yenyewe. Mgumu haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani getini. Basi maji ya usiku mmoja ni mizigo mitano isiyokuwepo getini wakati wa kupima.

Mwenye ratiba ya siku 7 huiona mizigo hiyo ikipanda asubuhi, watu wakiwa wamelala na kula. Kwenye ratiba ya siku 6, mgumu huvuka ukuta wa Barranco na hema kichwani, akashuka bondeni, akaongezewa dumu, kisha akapanda hadi Barafu. Au hutua mzigo wake Barafu, halafu akarudi chini kuchota. Nimewaona wakipanda jioni na madumu yamefungwa kanga mabegani, maji yakichuruzika mgongoni na kuganda kwenye koti. Kwangu, dola 141 hazitoshi kuhalalisha hilo.

Njia nyingine nazo zina mahali ambapo maji huisha. Marangu, ukitoka Horombo, kuna kijito cha mwisho chenye bango, kisha jangwa la mawe kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Kibanda cha Kibo hutegemea maji yanayobebwa. Rongai hutegemea maji ya eneo la Pango la Tatu. Kiangazi kikikomaa, mwezi Septemba na Oktoba, vijito vya upande wa kaskazini hupungua sana, kwa kuwa mvua nyingi ya mlima huu hunyesha upande wa kusini, kwenye msitu wa mita 2,000 na zaidi kidogo. Watu hudhani theluji ya kileleni ndiyo inayotunywesha. Mchango wake ni mdogo. Vinavyotunywesha ni msitu na ukungu wake. Ndiyo maana moto wa mlimani kama ule wa Oktoba 2020 ni msiba wa maji pia, wala si wa miti peke yake.

Maji ya mlimani yachemshwe. Kambini Barafu maji hutokota kwenye nyuzijoto 85 hivi, na hilo huwatia watu shaka bure: vijidudu vinavyoharisha hufa kwa joto hilo, mradi uyaache yatokote dakika 3. Vidonge vya klorini hufanya kazi polepole kwenye maji baridi, kwa hiyo ongeza muda kupita ile nusu saa iliyoandikwa. Kichujio cha mkononi kikiganda hupasuka ndani bila kuonekana. Usiku kiweke ndani ya mfuko wa kulalia. Chupa ya kileleni ijazwe maji ya moto, ivishwe soksi nene na kupinduliwa kifuniko chini, maana maji huanza kuganda kwa juu. Mfuko wa maji wenye mrija huwaangusha wengi usiku ule: mrija huziba kwa barafu kabla ya saa kumi alfajiri. Chupa za plastiki za kutumia mara moja ziache mjini, haziruhusiwi hifadhini.

Kuhusu kibali, huwezi kukiomba na kupanda peke yako. Kampuni yenye leseni huomba kwa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ikitaja njia, tarehe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na malipo hufanywa kabla, kwani getini hawapokei fedha taslimu. Kila kambi utaandika jina lako kwenye daftari la askari wa hifadhi. Kuongeza usiku ukiwa umeshapanda kunahitaji ruhusa na malipo mapya, kwa hiyo usiku wa Karanga uamuliwe mezani, wiki kadhaa kabla.

Ukiwa na wakala mezani, mwulize maji ya Barafu yatachotwa wapi, yatapandishwa siku gani, na wagumu wangapi wameajiriwa kwa ajili ya maji peke yake. Majibu hayo yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na kikomo cha kilo 20, kabla hujatuma malipo ya kwanza.