Kisukuku cha Nyanza hupoteza umri wake kinapong'olewa kiholela

KISIAN, nje kidogo ya jiji la Kisumu, ni njia panda. Barabara moja huelekea Maseno na Busia, nyingine hupita Seme hadi Bondo. Wengi wanalijua eneo hili kwa sababu ya kituo cha utafiti wa magonjwa cha KEMRI. Wachache wanafahamu kwamba anayeishi hapa amezungukwa na visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka kuwa mawe, vya nyakati zilizopishana kwa karibu miaka milioni 20.

Mashariki kuna Koru, Songhor na Fort Ternan. Ndani ya ghuba ya Winam kuna kisiwa kidogo cha Maboko. Ng'ambo ya maji ipo rasi ya Homa, na magharibi, kupita Mbita, kuna visiwa vya Rusinga na Mfangano. Sehemu chache duniani zimejaliwa hazina ya aina hii katika eneo dogo kiasi hicho.

Hata hivyo, si kila jiwe la Nyanza lina mfupa ndani yake. Majabali ya Kit Mikayi kule Seme ni ya graniti, jiwe lililoganda kutokana na uji wa moto chini kabisa ya ardhi takriban miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na mnyama hata mmoja mwenye mifupa. Anayetafuta visukuku hapo atachoka bure.

Visukuku vya Nyanza viko katika udongo na majivu yaliyotapikwa na volkano zilizozimika zamani. Volkano ya Tinderet ilifunika Koru, Songhor na Fort Ternan. Ile ya Kisingiri ilifunika Rusinga na Mfangano. Majivu hayo yalikuwa na chokaa na magadi kwa wingi, na hiyo ndiyo bahati yetu. Katika msitu wenye unyevu, asidi ya udongo hula mifupa ikaisha. Chokaa huizuia asidi hiyo, na ndiyo maana Rusinga imehifadhi hata mbegu, matunda na wadudu.

Majivu hayo yana faida nyingine kubwa zaidi: ndiyo saa ya wanajiolojia. Baadhi ya madini ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Joto la volkano huifukuza gesi yote ya awali, hivyo saa huanzia sufuri siku majivu yanapoanguka. Mtaalamu hupima agoni iliyokusanyika tangu hapo na kukokotoa miaka.

Msomaji azingatie kwamba kinachopimwa hapo ni majivu. Mfupa wenyewe haupimwi. Umri wa mfupa hutokana na tabaka ulimolala: uko juu ya majivu gani, chini ya majivu gani. Kwa njia hiyo twajua kwamba mabaki ya Koru na Songhor yana karibu miaka milioni 19 au 20, mengi ya Rusinga yako kati ya milioni 17 na 20, ya Maboko yapata milioni 15, na ya Fort Ternan karibu milioni 14. Hizi zote ni za enzi ya Miosini. Mabaki ya rasi ya Homa ni machanga zaidi. Huko Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, vyote vya kati ya miaka milioni 2.6 na 3 iliyopita. Kanjera Kusini ina zana za karibu miaka milioni 2.

Ukiuchukua mfupa bila kujua tabaka lake, umeuchukua bila umri. Historia ya ghuba hii ina mifano miwili ya kusikitisha.

Mfano wa kwanza ni wa Kanam, kwenye rasi ya Homa. Mwaka 1932 Juma Gitau, mfanyakazi wa Louis Leakey, alichimbua kipande cha taya la binadamu. Leakey aliamini kwamba taya hilo lilikuwa la kale mno, na mwaka 1933 kikao cha wanasayansi huko Cambridge kikampa sikio. Mwaka 1935 Profesa Percy Boswell, mwanajiolojia wa London, alifunga safari hadi Nyanza ili aonyeshwe mahali penyewe. Leakey hakuweza kupaonyesha. Vigingi vya chuma alivyokuwa amevipigilia vilikuwa vimetoweka; inasemekana wenyeji walivigeuza vyombo vya uvuvi. Mvua ilikuwa imebadilisha sura ya makorongo, na picha iliyokuwa imetolewa kuwa ya Kanam ikabainika kuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika ripoti kali katika jarida la Nature mwaka huohuo, na sifa ya Leakey ikatiwa doa kwa miaka mingi.

Hatuwezi kumlaumu mvuvi aliyeona chuma kizuri kimeachwa porini bila maelezo. Aliyestahili kuchora ramani ni yule aliyepigilia vigingi. Taya lenyewe wataalamu wengi leo hawalihesabu tena kuwa la kale kama Leakey alivyodai.

Mfano wa pili unahusu Maboko. Kisiwa hicho kilijulikana kwa wanasayansi mwaka 1933 kupitia Walter Owen, mkuu wa makasisi wa Kianglikana wa Kavirondo, jina ambalo wakoloni waliita sehemu hizi. Owen ndiye aliyeanzisha chama cha kuwatetea walipa kodi Waafrika, na muda wake wa ziada aliutumia kuokota mifupa. Mingi ya mifupa hiyo ilisafirishwa hadi Uingereza. Miongoni mwa hazina za makumbusho ya London kulikuwa na kipande cha taya la juu la nyani mkubwa wa kale asiye na mkia, kilichoandikwa kuwa kimetoka Rusinga. Wanasayansi walikipa jina jipya la spishi na kukijadili kwa miaka kama mkazi wa Rusinga.

Mwaka 1979 Peter Andrews na Theya Molleson walichapisha uchunguzi wao. Walikilinganisha kipande hicho na mifupa ya sehemu mbalimbali za Nyanza, wakahitimisha kwamba asili yake ni Maboko. Kwa kibandiko kimoja kilichokosewa, mnyama alikuwa amepewa makao yasiyo yake na kuzeeshwa kwa takriban miaka milioni tatu. Aliyekuwa ndugu wa mbali wa wanyama wa Rusinga alidhaniwa kuwa jirani yao.

Ili makosa kama hayo yasirudiwe, ukusanyaji wa leo ni kazi ya subira. Watafiti hupita baada ya mvua, wakati maji yamefukua vitu vipya. Kinapoonekana kipande, hakiguswi kwanza. Hupigwa picha, mahali pake hupimwa kwa satelaiti, na tabaka lake huandikwa. Kisha hutazamwa mteremko: je, kimetoka hapohapo, au kimeporomoka kutoka juu? Katika makorongo ya Homa swali hili ni zito, kwa kuwa jino la kale na mfupa wa juzi huweza kukutwa kando kwa kando baada ya mvua moja. Udongo unaozunguka huchekechwa, maana jino la panya huweza kueleza hali ya nchi kuliko paja la tembo. Meno ya nguruwe mwitu nayo hutafutwa sana, kwani yalibadilika upesi na husaidia kukadiria wakati pale majivu yanapokosekana.

Baada ya hapo kila kipande hupewa namba katika Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Namba huanza na herufi KNM, zikifuatwa na herufi za mahali: RU ni Rusinga, MB ni Maboko, SO ni Songhor, FT ni Fort Ternan. Fuvu maarufu ambalo Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948 lina namba yake ya RU. Wakati huo liliitwa Proconsul, jina lililotungwa mwaka 1933 kwa mabaki ya Koru kwa kumtania Consul, sokwe aliyewatumbuiza watu wa London. Tangu mwaka 2015 wengi huyaita mabaki ya Rusinga kwa jina la Ekembo. Mojawapo ya spishi zake, heseloni, inamkumbuka Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Leakey kwa miaka mingi. Ni heshima waliyoipata Waafrika wachache mno kati ya wale walioinama juani kuokota.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kuchimba visukuku bila leseni, wala kuvipeleka nje ya nchi bila kibali. Anayekumbana na kisukuku, awe anachimba msingi wa nyumba, choo au mchanga wa kuuza, anatakiwa kutoa habari katika muda wa siku saba kwa Makavazi au kwa ofisi ya utawala. Sheria yataka aeleze kwa usahihi mahali alipokiona na jinsi alivyokipata. Kwa wakazi wa pande za Kisian, ofisi ya karibu ni Makavazi ya Kisumu. Si lazima kwenda na mfupa mkononi. Picha ya simu yenye kijiti au sarafu kando ya mfupa, ikionyesha pia ukuta wa shimo na rangi za udongo wake, itamfaa mtaalamu zaidi ya mfupa uliokwisha kuoshwa na kufungwa kwenye gazeti.