Nyuki Anayetikisa Kibubu

Msomaji mmoja, mkulima wa nyanya, ameuliza: "Nimejenga kitalu nyumba, nimefunga neti, nimeweka na mzinga ndani. Maua tele, matunda ya kuhesabu. Nyuki wangu wanaumwa?"

Wazima kabisa. Ni kwamba ua la nyanya haliwahusu sana: halina mbochi hata tone, na chavua yake imefungiwa. (Joto kali nalo hupukutisha maua, asilisahau.)

Tulitazame ua lenyewe. Limeinama, na katikati lina koni ya njano. Koni hiyo ni vifuko vya chavua vilivyoshikamana, na nyufa zake hufungukia ndani, kwa hiyo chavua haina pa kutokea ila nchani. Biringanya na nyanya chungu ni wagumu zaidi: kila kifuko kina vitundu viwili tu kwenye ncha.

Sasa anakuja yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa maboriti ya paa. Analidaka ua, analing'ata kwa taya, anajikunja na kulikumbatia, mabawa ameyalaza mgongoni. Kisha anaichapuza misuli ya kurukia bila kuruka. Inawezekana kwa sababu misuli hiyo haivuti mabawa moja kwa moja. Hukiminya na kukiachia kifua, na kifua ndicho hupiga mabawa. Mabawa yakitulia, kifua hukaza na mtetemo hupanda kupita ule wa kuruka, kwa kawaida mara 200 hadi 400 kwa sekunde. Unasikia sauti ikipanda ghafla na kuwa nyembamba, inakatika, inaanza tena. Ningeweza kuuita uchavushaji wa mtetemo, lakini mimi nauita wa mvumo, maana sikio huutambua kabla ya jicho.

Aliyewahi kuchokonoa kibubu anaijua fizikia hii. Kidole hakipiti, basi unakipindua na kukitikisa. Ukitikisa kivivu, sarafu zinalala tu. Ukitikisa kwa nguvu, zinagonga kuta, zinagongana, nyingi zinarudi, moja mbili zinaupata upenyo. Chembe za chavua hufanya hivyo hivyo: kila kuta zikizipiga zinaongezewa kasi, hadi nyingine zinafyatuka nje na kumwangukia nyuki tumboni. Na kibubu hiki mmea wenyewe umeshakipindua!

Ubahili huu una maana. Chavua hubeba mbegu ya kiume ya mmea, lakini pia ni chakula cha watoto wa nyuki, na mgeni aliyeachiwa mlango wazi hukomba yote. Kibubu humtoa na kiasi, akajaribu ua jingine, na huko zile chembe zilizomganda pale miguu yake isipofika kujisafisha ndizo zinazozalisha. Mimea ya aina 20,000 hivi hutegemea mvumo, mingi ikiwa haina udugu wa karibu, na zaidi ya nusu ya aina za nyuki duniani wanaujua. Nyuki wa asali hayumo.

Uholanzi, kabla ya mwisho wa miaka ya 1980, wafanyakazi walipita vitaluni na vitetemeshi vya umeme. Baadaye wakafugwa nyuki wenye manyoya, Bombus terrestris, na mkulima akajua kazi imefanyika kwa kuona alama za kahawia za kung'atwa kwenye koni. Afrika kusini mwa Sahara haina nyuki wa jamii hiyo, na msomaji wetu asiwaze kuwaagiza. Chile waliwaingiza miaka ya 1990, wakatoroka, na nyuki mkubwa wa asili wa huko, Bombus dahlbomii, amepungua vibaya.

Wa kwetu wapo. Utafiti wa biringanya uliofanyika Nguruman, kusini mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwakuta wachavushaji hodari kuwa wa mwituni, akiwemo Xylocopa caffra, ndugu wa mtoboa boriti. Biringanya haiwapi mbochi, hivyo shamba lisilo na kichaka jirani huwakosa.

Ila neti ya msomaji wetu inawazuia. Kwa sasa achukue mswaki wa umeme, auguse kwenye kikonyo cha kila kishada kwa sekunde moja mbili, asubuhi umande ukishakauka, na arudie kila baada ya siku mbili tatu. Mzinga autoe nje.