Je, Wajua? Kiyoyozi Kilizaliwa Kiwandani

Leo nazungumza na fundi mwenye karakana nyumbani. Tuseme ni ya useremala, mita 10 kwa 8, kimo mita 3, bati juu, mahali kama Tanga, Mombasa au Bagamoyo. Anataka kufunga kiyoyozi na kila muuzaji anamwambia lake.

Je, wajua kwamba kiyoyozi cha kisasa hakikubuniwa ili mtu apoe? Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms, Brooklyn, New York, kilikuwa kinateswa na karatasi. Unyevu ukipanda karatasi hutanuka, ukishuka husinyaa, na rangi ya pili haiangukii pale ilipoangukia ya kwanza. Mhandisi wa miaka 25, Willis Carrier, akachora mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba baridi ili maji yaliyomo yadondoke. Wachapaji waliokuwamo walipata ubaridi kama nyongeza. Sasa, karatasi imetokana na mti. Kilichomsumbua mchapaji wa Brooklyn ndicho kinachomsumbua seremala wa Tanga.

Je, wajua kwamba kiyoyozi hakileti baridi kutoka popote? Kazi yake ni kutoa. Hutoa joto na maji ndani, kikayatupa nje. Ndiyo maana kiyoyozi cha BTU 12,000 huhamisha joto la kilowati 3.5 huku kikitumia umeme wa kilowati moja na kidogo tu.

Na "tani moja" wanayoitaja mafundi ndiyo hiyo hiyo BTU 12,000 kwa saa. Ni urithi wa zama za barafu: joto linalotosha kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, kwa saa 24.

Je, wajua kuna maji kiasi gani yanaelea ndani ya karakana yetu? Kwa joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida pwani, kila mita ya ujazo ya hewa hubeba gramu 24 hivi za mvuke. Karakana ina mita za ujazo 240. Hesabu inakuja karibu lita 6, na hakuna hata tone unaloliona. Unaliona baadaye, kwenye meza ya msumeno iliyoota kutu usiku mmoja. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi unyevu unapovuka asilimia 60 hivi.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Je, wajua kwamba kiyoyozi kikubwa kupita kiasi ni kibaya kuliko cha kadiri? Hupoza chumba haraka, kikazima kabla hakijapata muda wa kukamua maji. Unabaki na ubaridi wa pangoni: ngozi inasisimka, mbao bado zinavimba. Ukisikia "chukua kubwa tu, usijute," muulize huyo mshauri kuhusu unyevu.

Basi tupige hesabu. Kanuni ya haraka ni kama BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Mita 80 za mraba zinatupa 48,000. Ongeza watu: anayepiga randa kwa nguvu hutoa joto la karibu BTU 1,000 kwa saa, mara mbili na zaidi ya aliyekaa ofisini. Ongeza mashine: mota yenye nguvu za farasi 3 inayofanya kazi mfululizo huacha chumbani zaidi ya BTU 7,600 kwa saa, kwa sababu karibu umeme wote unaoingia huishia kuwa joto. Lakini ni mashine ngapi zinawaka kwa wakati mmoja? Fundi mmoja hashiki msumeno na randa ya umeme pamoja. Hesabu zinazowaka, usihesabu zilizopo.

Je, wajua kwamba bati tupu lililopigwa na jua la mchana linaweza kuvuka nyuzi 60? Huna paa, una jiko lililofunikwa juu ya kichwa chako. Dari yenye kizuia joto juu yake, pamoja na rangi nyeupe juu ya bati, vitakupunguzia kiyoyozi unachohitaji kabla hujaingia dukani. Kwa maoni yangu asiye na dari asinunue kiyoyozi bado. Fedha ile ile aipeleke juu kwanza.

Tuseme dari imeirudisha hesabu yetu karibu na 48,000. Viwili vya 24,000 au kimoja cha 48,000? Mimi nachagua viwili. Siku ya kupiga msasa peke yako unawasha kimoja. Kimoja kikiharibika, kazi haisimami. Tena vyote viwili hutumia umeme wa njia moja, wakati mitambo mikubwa zaidi mara nyingi hudai njia tatu. Kimoja cha 24,000 kikikaza kwa nguvu zote hula uniti mbili hivi kwa saa, kwa hiyo piga hesabu ya LUKU mapema. Chagua cha inveta: mota yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, hivyo huendelea kukamua maji polepole, na taa hazipepesi kila kinapoanza.

Je, wajua kwamba feni ya maji haifai pwani? Hupoza kwa kuongeza mvuke hewani. Dodoma, kwenye ukavu wa kiangazi, inafanya kazi vizuri. Tanga itakuongezea kutu. Pangaboi la kawaida halipozi hewa, hupoza ngozi tu, ila likizunguka pamoja na kiyoyozi unaweza kukiweka nyuzi 26 au 27 ukajisikia uko kwenye 24.

Sasa jambo ambalo sijamsikia muuzaji akilitaja. Je, wajua kwamba mashine ya kufyonza vumbi inaweza kukishinda kiyoyozi chako? Yenye kuvuta mita za ujazo 1,200 kwa saa na kutupa nje, humaliza hewa yote ya karakana yetu mara 5 ndani ya saa moja. Nafasi yake inajazwa na hewa mbichi ya nje, na maji yake. Kuikausha hewa hiyo tu, ukiacha kuipoza, kunadai zaidi ya BTU 30,000 kwa saa! Kimoja kati ya viyoyozi vyako viwili hakitoshi hata kwa kazi hiyo. Njia ni mbili: kufyonza kwa vipindi, mashine inapokata tu, au kuchuja hewa vizuri na kuirudisha ndani. Usiache kufyonza. Vumbi la mbao limo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu, na chujio la kiyoyozi halinasi chembe zile ndogo zinazofika mapafuni.

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani pia hakiingizi hewa mpya. Huzungusha ile ile. Ukipiga vanishi au kuchomelea chuma, zima, fungua milango. Mvuke wa thina ukifungiwa ndani husubiri cheche.

Je, wajua kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika? Inazunguka tu. Anayekuambia "tujaze gesi" kila mwaka anakuuzia dawa ya kidonda asichokitafuta: kuna mahali panavuja. Na siku ya kufunga, simama hapo uone mabomba yakinyonywa hewa kwa pampu kabla gesi haijaachiwa. Unyevu ukibaki ndani ya mabomba huzaa asidi, na asidi huila kompresa.

Oktoba 2016 nchi za dunia zilikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za aina hii zinazopasha dunia joto. Kati ya gesi za viyoyozi, R410A hupasha mara 2,088 zaidi ya kaboni dioksidi, R32 mara 675. R32 ni bora, ila inaweza kushika moto, hivyo viungo vya mabomba vikae mbali na cheche za jiwe la kunolea.

Mashine ya nje iliyo karibu na bahari ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chujio la ndani, kwenye karakana, usilisubirishe miezi. Litazame kila wiki.

Na hili la mwisho ni la mbao zenyewe. Je, wajua kwamba ubao uliotulia kwenye unyevu wa asilimia 50 hubaki na maji kama asilimia 9 ya uzito wake mkavu, na kwenye asilimia 80 hufika 16? Tofauti hiyo hutanua ubao kwa upana, si kwa urefu. Kabati uliloliunga kwenye karakana kavu likiingia nyumba ya Chumbageni, Tanga, isiyo na kiyoyozi, litavimba, na droo zitakwama kabla ya masika kuisha. Muulize mteja atakaliweka wapi kabati lake, kisha ndipo uamue droo uiachie milimita ngapi.