Barua pepe isiyofika ni hasara ya nani?

Siku hizi shule, saccos na hata duka la vipuri lina tovuti yake, na wapo walioamua kuiweka kwenye seva yao wenyewe. Tovuti inafunguka vizuri, lakini mteja aliyelipa haoni risiti, na mzazi aliyesahau neno la siri hapati jipya. Kumbe barua zimetumwa. Ama zimetupwa pamoja na barua taka, ama zimekataliwa mlangoni.

Chanzo ni cha zamani. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe, SMTP, uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na wakiaminiana. Haukumdai mtumaji kitambulisho. Yeyote aliweza kuandika jina la mwenzake juu ya bahasha, na matapeli hawakuchelewa kuligundua hilo.

Ndiyo maana leo vinatakiwa vithibitisho vitatu, ambavyo huandikwa katika DNS, yaani daftari la majina la intaneti. SPF ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri: seva hutia sahihi barua kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi uliomo daftarini. DMARC ni agizo lako: barua isiyothibitika ipokelewe, iwekwe kando au ikataliwe.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa wawe na vyote vitatu. Kwa Google, mkubwa ni anayetuma barua 5,000 hivi kwa siku kwenye Gmail. Mdogo naye anatakiwa awe na SPF au DKIM, na namba ya seva yake ilingane na jina lake.

Baada ya hapo ndipo kazi huanza. Sanduku la postmaster lazima lisomwe na mtu, maana malalamiko huja huko. Anwani zilizokufa zifutwe. Agizo la DMARC lianze kwa kutazama taarifa tu. Ukikimbilia kukataa, utazuia barua za mhasibu wako mwenyewe, ambaye seva yake uliisahau orodhani.

Asiye na mtu wa kuyafuatilia hayo ni afadhali awalipe wenye kazi hiyo wamtumie barua. Mteja asiyepata risiti haulizi habari za seva. Husema ametapeliwa.