Kinu cha Pilipili Manga na Kijiko cha Chumvi

Anayenunua pilipili manga katika soko la Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, huweza kuchagua punje au unga. Punje ndizo bora. Unga huanza kupoteza harufu mara tu unaposagwa, na wapo wauzaji wasio waaminifu wauchanganyao na mbegu za papai. Kwa hiyo kinu cha mkono chenye meno ya chuma kina faida jikoni, ijapokuwa kinu na mchi vilivyomo katika nyumba nyingi za Unguja hufanya kazi hiyohiyo bila gharama mpya.

Chumvi ni habari nyingine. Vinu vya mezani aghalabu huuzwa kwa jozi, na cha pili huhitaji chumvi ya mawe, ambayo mara nyingi haikutiwa madini joto. Madini hayo hukinga rovu, na kwa mama mjamzito hulinda ubongo wa mtoto. Wapo pia wanaoamini kwamba chumvi ya mawe haipandishi shinikizo la damu. Gramu kwa gramu, sodiamu yake hukaribia kuwa ileile. Tena unyevu wa pwani huigandisha chumvi ndani ya kinu, na meno ya chuma hushika kutu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, urojo na ng'onda. Anayezungusha kinu juu ya sahani hajui ametia kiasi gani. Mgonjwa wa shinikizo la damu na asage pilipili manga mezani. Chumvi yenye madini joto aipime kwa kijiko wakati wa kupika, na aiweke katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moto.